Mfungua Kilio

"Inua mchi," alisema Feza. "Vuta pumzi. Sasa ushushe. Itoe polepole."

Katika ukumbi wa kanisa watu walikuwa wameketi kwenye viti vya plastiki, mikono juu ya magoti, macho yamefumbwa. Hapakuwa na kinu wala mchi. Kila mmoja alikuwa akitwanga sombe, yale majani ya muhogo, moyoni mwake, kama alivyofundishwa, huku bangili nyembamba ya serikali ikiuonja mwili wake: mapigo ya moyo, unyevu wa ngozi, joto la damu. Nje, theluji ya mwisho ilikuwa ikiyeyuka kwenye maegesho, na upepo ulileta harufu ya kiwanda cha nyama kilichoulisha mji mzima wa Brenner, jimbo la Iowa.

Ilikuwa Jumapili, Saa ya Ridhaa. Kutoka katika kila bangili sauti ya mwanamke ilisoma muswada kwa Kiswahili safi, kisicho na kwikwi wala pumzi. Ilikuwa sauti ya Feza mwenyewe. Alipoajiriwa kuwa mkalimani wa wilaya alisomeshwa maneno mbele ya kinasa sauti wiki nzima, na tangu hapo mashine iliyapanga maneno hayo itakavyo. Kwa hiyo Feza naye alikuwa akiusikia muswada huo kwa mara ya kwanza, ukitoka kinywani mwake.

"Wazee walioingia nchini kwa mpango wa wakimbizi," ilisema sauti, "na ambao hawajaweza kusoma lugha ya nchi, watahamishiwa katika Makazi ya Mapumziko ya Taifa, katika majimbo ya jangwani. Familia zitaruhusiwa kuwasiliana nao kwa njia ya picha."

Mchi wa Feza ulisita hewani. Kando yake mama yake, Bibi Wabiwa, hakutikisika. Feza alijilazimisha. Inua. Shusha. Aliyepandwa na hasira mbele ya muswada aliandikiwa HATARI, na kibali chake cha makazi kilirudishwa kuchunguzwa. Katika mji ule hakuna aliyewahi kumwona mtu aliyerudi kutoka kwenye uchunguzi huo. Ndiyo sababu Feza alikuwa amewafundisha watu wake mbinu ambayo wanawake waliibuni kambini, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, walipopanga foleni kwa ajili ya mahojiano huku mioyo ikitaka kupasua mbavu: twanga, usifikiri, twanga.

Bangili zilitetemeka. Kwenye kila moja neno liling'aa kidogo, kisha likazimika.

"Inasemaje?" aliuliza Bibi Wabiwa, akinyoosha mkono kama anayetaka kupimwa pete.

"Tulivu, mama."

"Usiniambie! Kila mara unaniambia. Ile ya kwanza ni ile iliyosimama kama msumari wenye kichwa, siyo? Ta, te, ti..." Aliinamia bangili, lakini neno lilikuwa limekwisha kutoweka. "Angalia kitu hiki. Hakimpi mtu hata nafasi ya kujaribu."

Alikuwa na mwaka mmoja katika darasa la watu wazima ambalo Feza alilifundisha katika ukumbi huohuo, kwa Kiswahili kwanza, ndipo Kiingereza. Silabi alizijua. Kuziunganisha zikawa neno ndiko kulikomshinda.

"Mwalimu," aliita Mapendo, muuguzi mwenye mdomo mwepesi, akijinyoosha mgongo, "mimi sombe yangu leo imelainika mpaka imekuwa uji. Hao wanaotaka kuwapeleka wazee jangwani, mbona wao hawaendi kupumzika?"

"Nyamaza, bado umevaa," alisema mzee Asukulu, msimamizi wa zamu kiwandani na mshauri wa kanisa.

"Inasikia moyo, mzee, haisikii mdomo. Mdomo wangu ni mali yangu."

Watu walicheka, wakaanza kukunja viti. Walikuwa wamevuka salama. Hivyo ndivyo walivyodhani.

*

Kesho yake Feza alikuta chungu cha maua ya manjano juu ya meza yake. Msimamizi wake, Bi Lorraine, mwanamke mrefu aliyezaliwa katika shamba la mahindi maili chache kutoka hapo, alikuwa amesimama akitabasamu.

"Kwa ajili ya watu wako," alisema. "Hakuna kundi lililofikia kiwango kile katika jimbo zima. Makao makuu wameshangaa. Wananiuliza mnafanyaje."

"Kiwango cha nini?"

"Cha ridhaa, Feza. Muswada wa wazee. Mmeukubali karibu nyote."

Feza alivua koti bila haraka. "Hakuna aliyetuuliza kama tunaukubali," alisema.

Bi Lorraine alifunga mlango, na kwa mara ya kwanza alieleza jambo ambalo halikuwa limetafsiriwa katika lugha yoyote ya wageni. Zamani, alisema, nchi hii ilikuwa ikigombana juu ya kila sheria. Serikali ikitangaza jambo asubuhi, jioni barabara zimejaa, nusu ya watu wakishangilia na nusu wakilia, na kila upande ukiuita mwingine mwongo. Ndugu hawakula meza moja. Hatimaye mahakama iliamua kwamba hakuna sheria itakayoligusa kundi la watu pasipo kundi hilo kuridhia, na kwa sababu midomo hudanganya, ridhaa itasomwa katika damu. Watu waliipokea hukumu hiyo kwa furaha. Yeye mwenyewe alikuwa msichana, na alicheza ngoma uwanjani.

"Mwili uliotulia huhesabiwa kuwa umekubali," alisema. "Zaidi ya nusu wakichafuka, muswada huanguka."

"Na mtu anayetulia kwa sababu anaogopa?"

"Mashine haisomi sababu."

"Na wakichafuka zaidi ya nusu, yale maneno ya HATARI je? Yanafutwa?"

Bi Lorraine alitazama dirishani. Kutoka hapo lilionekana paa la hospitali ya mji, iliyofungwa miaka miwili iliyopita kwa ridhaa ya wananchi. "Hayafutwi. Kundi linaweza kushinda, na kila mmoja aliyelishindia akapotea. Kaka yangu Dale alichafuka juu ya hospitali ile. Yeye ni raia, hakufukuzwa nchini. Alinyimwa kazi, kisha leseni, kisha mkopo wa mbegu. Sasa anaishi ndani ya gari, na mimi humpelekea supu." Alifungua mkoba, akatoa kichupa cha tembe nyeupe. "Siku ile ya hospitali mimi nilimeza hizi. Sisi tunanunua dukani kile ambacho ninyi mnacho bure."

"Usomaji wa pili ni lini?"

"Jumapili ijayo, kisha ndipo unakuwa sheria. Feza, ninakusihi. Una mwaka mmoja tu kabla ya kuapishwa kuwa raia. Endelea kuwafundisha vilevile."

Feza aliyatazama maua. Aliwaza jinsi alivyowaketisha watu wale, mmoja baada ya mwingine, akawaonyesha namna ya kushusha mchi.

*

Bibi Wabiwa alikuwa akitwanga sombe ya kweli, katika kinu alichochongewa na fundi wa Kimarekani aliyedhani ni pambo la bustani. Alimsikiliza Feza mpaka mwisho bila kuacha kutwanga.

"Kwa hiyo nimekubali kwenda," alisema.

"Ndiyo, mama. Na mimi nimekubali upelekwe. Kwa sauti yangu na kwa moyo wangu pia."

"Jangwani kuna majani ya muhogo?"

"Mama."

"Nimeuliza tu." Alilaza mchi. "Mwanangu, mimi ni nani katika ukoo?"

Feza alijua jibu, na alijua lilikokuwa likielekea. Katika ukoo wao kilio hakikuanza ovyo. Mtu akifa, waliofiwa waliketi kimya, hata siku nzima, wakimsubiri mwanamke mmoja aliyerithi kazi hiyo kwa mama yake. Yeye ndiye aliyesimama mlangoni na kutoa sauti ya kwanza, na sauti hiyo ikishatoka hakuna aliyeweza kujizuia. Bibi Wabiwa aliifanya kazi hiyo tangu ujanani, kijijini, kambini, na hata hapa, ambapo majirani waliwaita polisi mara mbili.

"Wewe ndiye mfungua kilio," alisema Feza.

"Basi Jumapili nitafungua. Nitajililia mimi mwenyewe ningali hai, na mwenzangu Bibi Nalongo, mama yake Asukulu, na wazee wote. Tuone kama kuna atakayeweza kutwanga."

"Hakuna atakayeweza. Hapo ndipo penye shida." Feza alikaa kwenye ngazi ya jikoni. "Kuna watu wana watoto wadogo. Kuna watu kesi zao ziko mbele ya hakimu. Ukifungua, miili yao itaitika hata kama wao hawataki. Serikali imechukua ndiyo yetu bila kutuuliza. Tukichukua hapana ya watu bila kuwauliza, sisi tumekuwa nani?"

Bibi Wabiwa aliuokota mchi wake tena. "Nilikupeleka shule ili unishinde kwa maneno," alisema. "Haya. Waulize. Lakini uwaulize kwa mdomo, na wakujibu kwa mdomo."

*

Feza aliwauliza Jumamosi, baada ya zamu ya mchana, bangili zote zikiwa zimevuliwa na kurundikwa jikoni. Aliwaeleza kila kitu mara mbili. Alipomaliza, wote walisema kwa pamoja.

"Mwalimu, wewe ndiye uliyetufundisha kunyamaza! Leo unatufundisha kupiga kelele?"

"Sikujua nilichokuwa nikifundisha," alisema Feza. "Leo najua. Ndiyo maana nauliza."

"Na wakitupakia sote, nani atabaki na hao wazee?" alisema mwanamume mmoja nyuma. "Tutawaokoa ili wakae na nani?"

"Wewe mama yako yuko Lubumbashi, hujui unachosema," alimkata Mapendo. "Mimi bibi yangu ndiye aliyenilea. Mpaka leo nikichelewa kazini ananiwekea ugali, anaufunika, anakaa karibu nao kama askari. Wamchukue halafu nizungumze na picha? Mimi niandikeni."

"Wewe ni raia!"

"Ndiyo, mimi nitalala ndani ya gari. Nawe utakuja kunibishia hodi kwenye kioo."

Hata waliokasirika walicheka. Kisha mzee Asukulu alisimama, na kelele zikapungua, kwa maana alikuwa mtu aliyemtafutia kila mmoja wao kazi ya kwanza.

"Mama yangu Nalongo yuko katika hao wanaopelekwa," alisema. "Naye ana haki kwangu kuliko mtu yeyote. Lakini nina kijana wangu, mwezi ujao anaitwa mbele ya hakimu. Baba akiandikwa HATARI, faili la mtoto linafungwa. Mnanitaka nichague nani? Nimechagua. Atakayenihukumu anihukumu. Mimi nitakaa nyumbani, nitatwanga."

"Hakuna atakayekuhukumu, mzee," alisema Feza. "Hilo ndilo tuliloitana kwa ajili yake. Anayesema hapana, hapana yake ni kamili. Apimwe nyumbani, mbali na sauti."

"Na mama yangu?"

Bibi Nalongo, ambaye wote walidhani amesinzia, alifungua macho. "Mimi nitakuja kwa Wabiwa," alisema. "Tumekaa vilio vingi pamoja. Wewe utanileta kwa gari, kisha utarudi."

Walipiga kura kwa mikono. Walioinua walikuwa wengi kuliko Feza alivyotarajia, na alipoitazama ile mikono alihofu, kwa sababu alimjua mwenye kila mmoja.

*

Jumapili theluji iliyochelewa ilianguka tena. Ndani ya ukumbi watu walikuwa wameketi kwa duara, wakinamama wamejifunga vitenge kiunoni kama inavyofanywa msibani. Mapendo alikuwa amemshika bibi yake mkono. Kiti cha Bibi Nalongo kilikuwa kitupu.

"Tumsubiri," alisema Feza.

"Saa haimsubiri mtu," alisema Bibi Wabiwa, na kweli bangili zilitetemeka, na sauti ya Feza ikaanza: "Wazee walioingia nchini..."

Bibi Wabiwa alisimama mlangoni, mgongo kwa mlango, uso kwa watu, akatoa sauti.

Haikuwa kubwa mwanzoni. Ilianza chini, kama mtu anayeita jina kutoka ng'ambo ya bonde, kisha ikapanda, ikapinda, ikawataja: Nalongo binti wa Ebondo, aliyevuka ziwa na mtoto mgongoni. Wabiwa binti wa Mlasi, aliyezika wanne njiani. Tuliponea risasi, tuliponea kipindupindu, leo tunazikwa kwa upole. Feza alijikuta akilia. Mapendo aliangua kilio. Wanaume waliojiapiza kwamba hawatalia waliinama, mabega yakawatetemeka. Kila kilichotwangwa kwa miaka yote kilipanda kooni, na hapakuwa tena na sauti ya muswada, ilikuwa imefunikwa.

Ndipo mlango ukafunguliwa nyuma ya Bibi Wabiwa.

Mzee Asukulu alikuwa amesimama kwenye theluji, amembeba mama yake mikononi. Gari lilikuwa limekwama kwenye kona ya barabara, naye hakuweza kumwacha bibi wa miaka themanini atembee juu ya barafu. Alikuwa amekusudia kumkabidhi na kukimbia. Lakini kilio kilimpata hapohapo kizingitini, usoni, huku mama yake akikiitikia mikononi mwake. Alitikisa kichwa. Midomo yake ilikuwa ikisema inua, shusha, inua, shusha. Kisha aliketi chini pamoja na mama yake na kulia kama mtoto aliyepotea sokoni.

Bangili zilitetemeka. Safari hii maneno hayakuzimika. Sauti ya Feza, safi, isiyo na machozi, ilisema: "Pingamizi la kundi limepokelewa. Muswada umeanguka. Wazee waliotajwa wabaki mahali walipo."

Hakuna aliyeshangilia. Watu walitazama mikono yao, na ukumbini lilionekana neno moja, HATARI, kila mahali, kama taa za mji ambao mtu anauona kwa mbali.

"Nilisema hapana, Mwalimu," alisema Asukulu kutoka sakafuni.

"Ulisema, mzee." Feza alipiga magoti mbele yake. "Nilikusikia. Mbele ya watu wote, ulisema."

"Kijana wangu..."

Feza alimshika mkono wenye bangili kwa mikono yake miwili, akalifunika neno lile, lakini mwanga ulipenya kati ya vidole.

Magari yalifika bila ving'ora. Maofisa walikuwa wapole, walisema tafadhali, waliwashika wazee viwiko wasiteleze. Walisoma kila bangili, wakawatenga watu pande mbili. Bibi Nalongo alikuwa HATARI, kama mwanawe. Mapendo, ambaye uraia haukumwokoa na kuhojiwa, alimwambia kijana mmoja wa serikali kwamba viatu vyake havifai kwa theluji na atapata baridi yabisi, na kijana yule aliona haya. Walipomfikia Bibi Wabiwa ofisa aliitazama bangili yake, akaitazama tena, akamwonyesha kwa mkono upande wa pili. Upande huo alikuwa amesimama peke yake.

"Mama," alisema Feza, aliyekuwa ameelewa. "Wewe hukulia."

"Mfungua kilio halii," alisema Bibi Wabiwa. "Akilia yeye, nani atawashika wengine? Mama yangu alinifunza hivyo, sikuwahi kufanya vingine." Kisha naye akaelewa, akaanza kuivuta ile bangili kama mtu anayejichomoa miiba. "Mwambie imekosea! Feza, ongea naye, wewe unajua lugha yao! Mwambie mimi ndiye niliyeanza!"

Feza alimwambia ofisa. Alimwambia kwa Kiingereza kizuri alichokisomea kwa miaka mingi, na ofisa alisikiliza hadi mwisho.

"Bangili inasema sivyo," alijibu.

Kabla ya kupanda gari Feza alimfunga mama yake kitenge vizuri mabegani. Alimwambia sombe iko kwenye friji, atoe kidogokidogo. Alimwambia Bi Lorraine ni mtu wa kumwendea, ana supu na ana moyo. Alitaka kumwambia jambo jingine, lakini mlango ulikuwa umekwisha kufungwa, na kupitia kioo kinywa chake kilionekana kikisogea tu.

Magari yaliondoka taratibu kwa ajili ya barafu. Bibi Wabiwa alisimama mlangoni pa ukumbi, pale alipokuwa amesimama wakati wa kilio, mpaka taa nyekundu zilipopinda kwenye kona ambapo gari la Asukulu lilikuwa bado limekwama, mlango wazi.

Aliinua mkono wake. Neno lilikuwa lingali linawaka, na safari hii halikuwa na haraka. Hapakuwa na mtu wa kumuuliza linasemaje. Aliweka kidole juu ya herufi ya kwanza, ile iliyosimama kama msumari.

"Tu," alisema.

Akasogeza kidole.

"Li."

Upepo ulitikisa viti vitupu nyuma yake. Alirudia zile mbili, akaziunganisha, akaongeza ya tatu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake silabi zilishikana zikawa neno, lote, bila msaada wa mtu.

Alilisoma tena kwa sauti, kuhakikisha kwamba hakukosea.